Sauti Isiyovuta Pumzi

Stralsund, 14 Septemba

Mdogo wangu Wieland,

Nimepiga simu Jumapili, nimepiga Jumatatu, na jana nimepiga mpaka yule bibi wa kwenye mashine ya ujumbe nimemzoea kama jirani. Hupokei. Nilianza kudhani umekufa, halafu ikaja kadi yako, mwandiko ule ule kama nyayo za kuku, eti nikuandikie barua kwa sababu simu umeipa likizo. Likizo. Mtu anayepata riziki kwa kinywa chake anaipa simu likizo.

Haya, nimeandika. Na usiniambie habari za ujumbe mfupi. Ukitaka kunidanganya, nidanganye kwa mkono wako nione herufi zinavyotetemeka.

Mama hajambo. Macho ndiyo yamekwisha kabisa, anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Lakini masikio yake ni balaa. Pale kwenye makao ya wazee anawajua wahudumu wote kwa viatu vyao, na anajua nani kaamka na ugomvi na mumewe. Kila jioni baada ya mkate na chai anauliza kama umepiga. Namwambia uko kazini, unazitia filamu za Wamarekani sauti ya Kijerumani. Juzi akanijibu, "Kazi gani hiyo isiyokwisha tangu Pasaka?"

Kilichonifanya nikutafute ni hiki. Bango la yule shujaa unayemtia sauti limebandikwa sinema. Nguzo, sehemu ya pili. Unajua mimi na mambo hayo: sehemu ya kwanza niliiona kwa sababu yako, na katikati nilisinzia, usinichukie. Bwana Quade mwenye sinema anataka aionyeshe kwenye ile Jumatano yake ya wazee, ya kahawa na keki, kwa kuwa sauti ya Nguzo wanayoisikia Wajerumani wote ni ya mtoto wa mji huu. Anauliza kama utakuja usimame mbele ya pazia, useme maneno mawili kwa sauti ya shujaa. Mama nitamleta. Haoni, lakini nani kasema anataka kuona? Anataka kukusikia wewe.

Jibu upesi, Quade ana haraka ya kuchapisha matangazo.

Dada yako,
Almut


Berlin, 20 Septemba

Dada Almut,

Samahani kwa simu. Wenye filamu ni wakali safari hii. Mpaka itoke, sauti si yangu, na hata siruhusiwi kuitumia ovyo. Daktari wao anasema koo lipumzike. Usicheke, ndivyo ilivyo. Yule Mmarekani anayecheza Nguzo akifungua mdomo, Wajerumani wanataka kunisikia mimi, si mwingine, na hivyo ndivyo nilivyojifunga tangu ujana. Mcheza filamu na mtia sauti wake ni kama ndoa, isipokuwa yeye hajui kama nimezaliwa.

Mwambie Bwana Quade ahsante, sitaweza kuja.

Na ninakuomba usimpeleke Mama. Filamu yenyewe si nzuri. Kelele tupu, halafu kipande kirefu ambacho jamaa kasimama tu ndani ya handaki la treni hafanyi kitu. Mama ataumwa kichwa. Msomee gazeti, mpeleke bandarini akawasikie ndege wa baharini, mpe mkate wa samaki anaoupenda. Sinema iacheni.

Kama lazima mwende, basi ondokeni mapema, maandishi ya mwisho yakianza tu. Mtakwama mlangoni na vile vigari wanavyosukuma wazee wakitembea. Hakuna la maana huko mwishoni.

Mbusu Mama. Mwambie nitakuja Krismasi.

Wieland


Stralsund, 18 Oktoba

Wieland,

Tumekwenda. Ulikataza na tumekwenda, ndivyo tulivyo watu wa nyumba hii.

Ukumbi ulijaa wazee watupu. Quade kapanga kahawa na keki ya plamu, na huko nyuma fimbo na vigari vimeegeshwa kama baiskeli za shule. Mzee Harms kauliza kama hii ndiyo ile ya daktari wa milimani. Akaambiwa siyo. Akasema basi, keki ameshailipia, atakaa.

Sasa nikusimulie filamu yako mwenyewe. Kama nilivyoielewa, Nguzo ana ugomvi na mwanamke mwenye koti la fedha, ambaye nilidhani ni mkewe mpaka katikati, kumbe ndiye adui. Handaki linaporomoka. Nguzo anaweka mabega chini ya dari, na chini yake kuna treni imejaa watu, akitoka tu wamekwisha. Basi anasimama. Mdogo wangu, anasimama kweli. Nimekula keki yangu, nimekula na ya Mama, bado kasimama. Hawezi kwenda na hawezi kukaa, na muda wote anazungumza na kitoto cha kike kilichoko dirishani mwa treni, kisiogope.

Hapo nikasahau keki. Sikuwahi kukusikia hivyo. Sehemu ya kwanza ulikuwa na makelele mno, nikwambie ukweli, lakini hii ulikuwa mtulivu, kila neno mahali pake, safi kama glasi iliyotoka kuoshwa. Nimelia mbele ya Gesine wa duka la mikate, na Gesine si mtu wa kusahau. Umekua katika kazi yako, Wieland. Nimejivunia wewe.

Aliyeniaibisha ni Mama. Tangu mwanzo alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Pale ukumbi ulipotulia tuli, unaongea na kile kitoto, yeye akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Huyu si Wieland." Nikamwambia ni yeye, Mama, sikiliza vizuri. "Nasikiliza. Huyu si mwanangu. Huyu havuti pumzi." Nikamnong'oneza, ni shujaa, Mama, labda hana haja nayo. Mzee Harms akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mama hakucheka. Akanishika mkono akauliza, "Mwanangu wamemfanya nini?" Akataka kuinuka aende sijui wapi.

Tukaondoka majina yalipoanza, kama ulivyosema. Gesine alibaki. Yeye ndiye shabiki wa kweli, anawajua mashujaa wote na binamu zao, na anasema anayetoka kabla ya majina ni sawa na anayetoka harusini kabla ya chakula. Eti huko mwisho kabisa kuna kipande kingine cha filamu, na baada yake ndipo wanaandikwa waliotia sauti za Kijerumani, na mbele ya Nguzo hakukuwa na jina la mtu. Nikamwambia akavae miwani ya mbali.

Lakini Mama ananitia hofu. Kichwa kimeanza kumtoka, Wieland. Mpigie.

Almut


Berlin, 23 Oktoba

Dada,

Ahsante kwa ulivyoniandikia. Unasema nilikuwa bora kuliko mara ya kwanza. Nimeisoma sentensi hiyo, nikainuka, nikarudi, nikaisoma tena.

Gesine atakuwa amekosea. Majina yanapita haraka.

Kuhusu Mama, usibishane naye. Wazee husema. Lakini niambie, alisema vile lini hasa? Alisema "havuti pumzi" pale handakini, au mapema? Na alisema kwa hasira, au kwa huzuni? Najua ni maswali ya kijinga, nijibu tu.

Simu bado siwezi. Nivumilie.

Wieland


Stralsund, 3 Novemba

Wieland,

Leo sina utani.

Tangu siku ya sinema Mama ana wimbo mmoja: yule si mwanangu, mwanangu wamemfanya nini. Asubuhi, mchana, jioni. Mhudumu akimnawisha anaulizwa. Mchungaji alipomtembelea akaulizwa. Nikimwambia Mama, Wieland ananiandikia, ninazo barua zake, ananijibu, "Karatasi haina koo."

Alhamisi alitoka. Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, viatu vya ndani, akapita mlango wa mbele nyuma ya mtu wa kuleta maua. Kipofu, Wieland, miaka themanini na minne, mvua inanyesha. Akaenda kwa kufuata ukuta, akawauliza watu njia, na watu wakamwonyesha, ndiyo ubaya wa watu wema. Wamemkuta stesheni, kwenye jukwaa la treni za Berlin, hatua chache kutoka kwenye reli, miguu imelowa, midomo imekuwa bluu. Alipoulizwa anakwenda wapi akasema, "Namfuata mwanangu. Wamechukua sauti yake wakamwacha yeye."

Daktari alikuja. Anasema ugonjwa huo anaujua. Mzee anaanza kuamini kwamba mtoto wake amebadilishwa, na aliyepo ni wa bandia. Una hata jina, nimelisahau, sitaki kulikumbuka. Makao hayawezi tena kumweka upande wa wazi. Mimi ndiye mlezi wake kisheria na mimi ndiye niliyesaini. Amehamishiwa ghorofa ya juu, kwenye wadi ya kufungwa, kwa muda, mpaka jaji aje amsikilize mwenyewe na kuamua kama atabaki huko moja kwa moja.

Ukiiona wadi yenyewe. Si pabaya, pasafi, wana mapazia ya maua. Mlango unafunguliwa kwa namba, na namba imeandikwa pale pale juu ya mlango. Mwenye macho na akili anaisoma anatoka. Mama ana akili, hana macho. Au ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Sasa sijui tena ana nini. Chumba chake cha chini, kile cha upande wa bustani, kina watu wanakingoja, na jaji akisema ndiyo, hakirudi.

Nakuomba kitu kimoja. Sikuombi uje. Jumatatu saa kumi jioni nitakuwa nimekaa naye, simu mkononi. Piga. Sema, "Mama, ni mimi." Basi. Wenye filamu na wakanishitaki mimi. Akikusikia atatulia, na akitulia jaji ataona.

Mimi nimechoka, Wieland. Naamka nikimfikiria, nalala nikimfikiria, na mume wangu ananiangalia kama mgeni wa hoteli. Nisaidie.

Almut


Stralsund, 7 Novemba

Wieland,

Hukupiga.

Tulikaa naye dirishani. Nilikuwa nimemwambia, ole wangu, nilikuwa nimemwambia utapiga. Alichana nywele. Saa kumi simu ikalia, namba iliyofichwa, nikaitika kwa furaha kama mjinga, na huko hakuna mtu. Mlio tu, kitu kama upepo unapita kwenye ufa wa mlango. Nikasema haloo, haloo. Upepo. Nikasema watu wahuni kama nyinyi mkatafute kazi, nikakata. Mama akauliza ni nani. Nikasema si mtu.

Tulikaa mpaka wakaleta chakula cha jioni. Hakula. Akasema, "Nilikwambia. Angekuwa na sauti angepiga."

Sijui wewe ni mtu wa namna gani siku hizi. Una sauti ya kumtuliza mtoto wa kwenye filamu, mtoto wa watu wa uongo, na mama yako mzazi huna hata neno moja la kumpa. Jaji anakuja tarehe kumi na sita. Nitakaa naye peke yangu, kama kawaida.

Sina jingine.

Almut


Berlin, 10 Novemba

Dada yangu Almut,

Ule upepo ulikuwa mimi.

Huo ulikuwa mstari mwepesi, wa pili ndio mzito. Acha niuseme tu. Mwezi wa Machi niligunduliwa kuwa na uvimbe kooni. Baada ya Pasaka walinipasua, wakatoa sehemu yote inayofanya sauti. Si kwamba imeharibika, haipo. Napumua kwa tundu hapa chini ya shingo, ninalifunika kwa kitambaa. Ndiyo maana sikupokea simu. Ndiyo maana tunaandikiana barua, mimi na wewe, kama watu wa zamani.

Filamu uliyoiona sikuitia sauti. Wenye kampuni walikuwa na kila neno nililolisema sehemu ya kwanza, wakailisha kompyuta, ikajifunza kuwa mimi. Walikuja hospitali na maua. Walitaka ruhusa yangu, na sharti moja, nisimwambie mtu yeyote, maana watazamaji wakijua hawatakuja. Nikisema, wana haki ya kunivua mpaka shati. Nilisaini, Almut, na nilisaini kwa furaha. Nilikuwa nimelala pale sina hata sauti ya kuita muuguzi, nikafikiri angalau mahali fulani nitakuwa ninasema.

Halafu ikaja barua yako. "Umekua katika kazi yako." Dada, ile siku nilitamani nikuchukie. Miaka thelathini nimefanya kazi hii, na siku uliyonisifu ndiyo siku ambayo sikuwepo. Si kosa lako. Nchi nzima haikutambua. Wenzangu wa kazi hawakutambua, wananitumia pongezi.

Mama peke yake. Nilikuuliza alisema lini kwa sababu nimeketi sinema nyuma kabisa, na kofia, nikakisikiliza kipande kile cha handaki mara nyingi nikitafuta kasoro, na sikuiona. Neno la Mama ndilo lililonifungua masikio: ni kweli. Haivuti pumzi. Inasema maneno marefu yasiyo na mwanzo. Mimi nilikuwa mtoto wa pumu, unakumbuka, na Mama alikuwa akikaa kitandani kwangu akihesabu pumzi zangu mpaka alfajiri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi tumemfungia mlango kwa kuujua.

Jumatatu nilipiga. Nina kifaa sasa, kama tochi ndogo, nakibana shingoni kinanguruma, na midomo inaukata ule mngurumo uwe maneno. Mwalimu wangu anasema naendelea vizuri. Nilikuwa nimekishika tayari. Nilipokusikia ukisema haloo kwa furaha ile, kidole hakikubonyeza. Niliona aibu. Sauti yangu sasa ni mashine ya kunyolea ndevu iliyofundishwa Kijerumani.

Hayo ya aibu yangu yaishe. Mama hajapotewa na akili. Msomee barua hii. Kisha mpe jaji, mwambie kila kitu, mkataba na uvunjike. Nimejificha vya kutosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga hawakukosea, ila hawakusema kwamba wakati mwingine kinamuumbua mama yake kwanza.

Nisamehe ukiweza.

Wieland


Stralsund, 17 Novemba

Wieland, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa sakafuni. Mume wangu alidhani nimeanguka. Niliutukana ule upepo. Niliuambia ukatafute kazi. Sitajisamehe haraka, na wala usiniambie nijisamehe. Ya kwetu sisi wawili tutayaongea, kwa karatasi au kwa tochi yako, vyovyote.

Lakini jana nimefanya jambo, au sikulifanya, na lazima ulijue.

Nilimsomea Mama barua siku ya Jumapili, mlango umefungwa. Yote, kama ulivyotaka. Hakulia. Akaniambia nirudie pale pa kupumulia shingoni. Nikarudia. Akajishika shingo yake mwenyewe, hapa chini, akabonyeza bonyeza kama anayetafuta mahali. Halafu akaniambia nirudie na pale pa mkataba. Nikarudia. Akauliza, "Akisema, watamwacha na nini?" Nikamwambia sijui, Mama. Akauliza, "Na mgonjwa bado?" Nikasema wanamwangalia kila baada ya muda. Akasema sawa.

Kisha akanishika kifundo cha mkono, unajua mkono wake, akanilisha kiapo kwamba kwa jaji nisitoe barua, nisitoe neno, labda yeye aanze. Nilidhani anataka kuusema mwenyewe. Ndiyo maana nikala yamini.

Jaji ni mwanamke, Bi. Lüdtke, mpole, alivua koti akakaa kitandani karibu naye, hakukaa mezani. Akamuuliza siku, mwaka, jina langu, vyote Mama kajibu, tena kamuuliza yeye kama viatu vyake vipya vinambana, maana anatembea upande. Jaji kacheka. Nikaona tumeshinda. Kisha akafungua karatasi za daktari. "Bibi Radtke, imeandikwa hapa unasema kwamba mwanao amebadilishwa, kwamba sauti ya kwenye filamu si yake. Unasemaje?"

Mama akasema, "Ni yake. Nilikosea."

Jaji akauliza, mbona uliwaambia watu wote kinyume? Mama akasema uzee. Kwa nini ulikwenda stesheni? Akasema alitaka kuangalia treni. Kipofu, Wieland. Alitaka kuangalia treni. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na jaji akamwangalia hivyo, akaniangalia mimi, na barua yako ilikuwa ndani ya mkoba wangu juu ya mapaja, na nikanyamaza. Kiapo kimenikaba, na yeye alikuwa amenibana kidole mpaka kikafa ganzi.

Jaji aliandika. Alisema waziwazi, na kwa huruma, kwamba mtu anayebadilisha neno hivi, leo hivi kesho vile, na asiyejua alikwenda stesheni kufanya nini, anamtia wasiwasi. Atarudi Alhamisi tarehe ishirini na tatu na uamuzi.

Alipoondoka nilimgombeza Mama, nikamfokea kama mtoto. Akasema, "Mimi nimekaa humu ndani ya giza miaka mitatu, mlango mmoja zaidi si kitu. Yeye ana miaka hamsini na mbili na tundu shingoni. Wasimguse." Halafu akauliza kama chakula kimefika.

Jina la jaji na anwani ya mahakama nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Mimi nimefungwa na kiapo. Wewe hukuapishwa.

Almut


Berlin, 19 Novemba

Kwa Mheshimiwa Jaji Lüdtke,

Mimi ni Wieland Radtke, mtoto wa pili wa Bi. Irmtraud Radtke, uliyemtembelea tarehe kumi na sita. Nakuandikia kukujulisha kwamba mama yangu alikudanganya.

Alikwambia sauti ya yule shujaa kwenye filamu ni yangu. Si yangu. Imetengenezwa na mashine, na mimi nilisaini kwamba sitalisema hilo kwa kiumbe yeyote. Nalisema kwako, na nakala ya mkataba nimeiambatisha pamoja na karatasi za hospitali, uzitumie utakavyo mbele ya yeyote. Mama alijua kabla ya kuambiwa na mtu. Alikaa katika ukumbi wa sinema akasikia kwamba mtoto wake hayumo ndani ya sauti ya mtoto wake, akawaambia wote, na wote, tuliosoma na wasiosoma, tukamwona mgonjwa. Alikwenda stesheni kwa sababu alifahamu nimo matatani. Nilikuwa matatani. Na alipopata kujua kwamba ukweli wake utaniumiza, akaukana mbele yako, akakubali kufungiwa. Ukitafuta mtu aliyechanganyikiwa katika jambo hili, usimtafute yeye.

Nitakuwepo Alhamisi. Nina ombi, nalo si la kisheria, sijui kama unaweza kulikubali.

Nimejifunza kusema kwa kifaa kinachonguruma shingoni. Nimekijaribu kwa madaktari, kwa muuza magazeti, kwa dereva wa teksi aliyedhani nina redio mbovu. Kwa Mama sijakijaribu. Namwogopa. Watu wengine naweza kuwazoesha, yeye atasikia mara moja kilichobaki na kisichobaki, na hajawahi kunifariji kwa uongo, isipokuwa huu aliokwambia wewe.

Naomba usimwambie nani amekuja. Niache niingie, nikae mbele yake, niseme sentensi moja. Kisha umuulize wewe mwenyewe, huyu ni nani. Dada yangu nimemwandikia asimguse, asimpe ishara.

Akisema, huyu ni mwanangu, utakuwa umeona. Lakini anaweza kugeuza kichwa, akasikiliza, akasema, huyu simjui. Ikiwa hivyo nakusihi usiandike kwamba akili imemtoka, na usimfungie mlango kwa neno hilo. Mimi nitatoka nje, nitarudi Berlin nijifunze zaidi, nije siku nyingine.

Akisema si mimi, umwamini yeye.

Wako kwa heshima,
Wieland Radtke